Nusu ya Kwanza ya Kitabu

Mwezi uliopita tulikuwa tukimhamisha mama hapa Kawangware, kutoka ploti moja ya nyumba za kupanga hadi nyingine, nikakuta ndani ya sanduku lake la bati nusu ya kitabu iliyoshonwa kwa uzi wa gunia. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikasahau kubeba vitu.

Ngoja nikueleze polepole, rafiki yangu. Shuleni kwetu Lindi, kule Kibera, kulikuwa na nakala moja tu ya riwaya ile ya malkia na majoka, nene kama tofali. Mwalimu wetu aliikata katikati kwa kisu cha jikoni, akashona kila nusu, ili wawili wasome kwa wakati mmoja. Kanuni ilikuwa moja: ukimaliza yako, mpe mwenzako. Mimi nilipata nusu ya kwanza. Ya pili alipewa binti wa jirani yetu muuza omena, wale dagaa wa ziwani, msichana mpole aliyezoea kusoma akitembea.

Kila Jumamosi mchana kibanda cha video kilionyesha tamthilia iliyotokana na riwaya hiyo. Mabati yalitupika, harufu ya mahindi ya kuchoma ikaingia mlangoni, na mtafsiri akapaza sauti juu ya maneno ya wazungu. Ikiisha, sote tulienda kwenye foleni ya maji na mitungi yetu ya njano, na hapo ndipo mjadala ulipoanza. Muuza maji alipenda hadithi kutushinda sisi watoto.

"Mpitisheni msomi," alikuwa akisema, "atuambie kitabu kinasemaje."

Basi mtungi wangu ulipitishwa hadi mbele, juu ya vichwa vya watu wazima.

Jumamosi moja maadui waliingia mjini mwa malkia kwa sababu mtu aliwafungulia lango, lakini tamthilia haikutuonyesha ni nani. Foleni nzima ilinigeukia. Kusema kweli, nusu yangu iliishia kabla ya lango kufunguliwa. Sikusema hivyo.

"Kitabuni ni mlinzi wa lango," nikatangaza. "Alikuwa na kisasi tangu zamani."

"Si nilisema!" muuza maji akashangilia. "Ile sura yake tu!"

Nyuma yangu yule binti akasema taratibu, "Lakini kitabuni ni malkia mwenyewe. Mlinzi alimwona, akanyamaza."

Foleni ikamgeukia yeye. Moyoni niliona kabisa mtungi wangu ukirudishwa nyuma.

"We Mkia," nikamwambia, "umesoma mkia bila kichwa. Utajuaje ni mnyama gani?"

Walicheka hadi muuza maji akaachilia mpira, maji yakamwagika. "Ai, Mkia! Umepatikana!" Jina likamganda. Hata wadogo zake walimwita hivyo.

Ningempa nusu yangu, angekuwa na kitabu kizima, na foleni ingemsikiliza yeye. Kwa hiyo niliificha chini ya godoro. Jioni moja alikuja kuniita twende kuteka maji, akaiona ikichungulia. Akachukua mtungi wake, tukaenda. Mwalimu alipouliza darasani nusu ya kwanza iko wapi, nilijibu bila kupepesa macho, "Nilimpa yeye."

Yule binti aliniangalia. Nilingoja anitaje. Hakunitaja. Tangu siku hiyo hakuazimwa kitabu tena, na mwalimu hakukata kingine.

Bibi yangu alipenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, bibi: imetoka Lindi ikafika Kawangware, na bado naitembea.

Baada ya kuhama nilinunua nakala nzima, nikaanzia katikati. Ni malkia aliyefungua lango. Mlinzi alimwona, akanyamaza, akafukuzwa mjini kwa kosa lisilo lake.

Nilienda Lindi kumtafuta. Kibanda cha video sasa ni duka la kutengeneza simu, na kila mtu anatazama tamthilia zake peke yake, kiganjani. Maji yanauzwa na kijana asiyemkumbuka muuza omena wala binti yake. Nilipokuwa nikimweleza namtafuta nani, niligundua kitu kilichonitia aibu zaidi: jina lililonijia kwanza mdomoni lilikuwa Mkia.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa nusu yangu kuna maneno ya mwalimu, kwa wino wa buluu usiofifia: *Ukimaliza, mpe mwenye nusu ya pili.* Nimeiweka mkobani. Naenda nayo kazini, narudi nayo.