Gari Lisilokimbiza Watu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa nimelala chali chini ya pikapu nyeupe katika gereji moja ya Cibitoke, mjini Bujumbura, nalitazama tumbo la gari lile kama mtu anayetazama picha ukutani. Hakukuwa na kutu. Hakukuwa na hata tone la oili. Nilipotoka chini yake, mgongo ukiwa umejaa vumbi, nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na sikumbuki kama niliwahi kuamua jambo lingine kwa haraka na kwa furaha namna ile.

Shule niliiacha darasa la sita. Akili sikukosa, ila nilichoka kukaa. Nikaenda Uvira, nikaenda Kigoma, nikarudi Bujumbura, nikaondoka tena. Kitu chochote kilichonguruma nilitaka kujua kwa nini kinanguruma: pampu, mashine za kusaga, mota za maboti. Hivyo ndivyo Bibi Salma alivyonifahamu. Pampu yake ya maji ilikuwa imekufa, ikawashinda mafundi wawili, nikaifungua nikaiponya.

Bibi Salma alikuwa mjane wa mtaa wa Mutanga Nord, wa zile familia zenye asili ya Omani zilizokuwa na maduka mjini kabla babu yangu hajazaliwa. Watoto wake walikuwa ng'ambo. Mumewe alimwachia shamba la michikichi upande wa kusini, njia ya kando ya ziwa. Vita viliwafukuza wafanyakazi wa shamba lile, wakakaa kambini miaka miwili. Mwezi ninaokusimulia, walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kurudi, familia kama kumi na tano.

Chikichi, kama hujui, ukishaikata haikungoji. Siku mbili, tatu, iwe imefika kwenye mashine ya kukamua, la sivyo mafuta yanakuwa makali na hakuna anayeyataka. Lori la zamani la Bibi lilikuwa limekufa. Watu walibeba mikungu kichwani mwendo wa saa nzima hadi barabarani, na nusu ya mavuno ilikuwa inaoza chini ya miti.

"Wakiona jasho lao linaoza, wataondoka tena," Bibi aliniambia, "na safari hii hawatarudi. Nataka gari ya kazi. We unajua mashine, mi sijui. Lakini usianzie gereji. Nenda shamba, ulale kule siku tatu, utembee na Mzee Bukuru, yule msimamizi. Halafu ndiyo unichagulie."

"Sawa, Bibi."

"Siku tatu. Si kufika na kugeuka."

Sikwenda. Ningependa kukuambia kwamba niliogopa njia, maana wakati ule magari yalisafiri kwa msafara, na si kila msafara ulifika salama. Lakini haikuwa hofu. Nilijiona najua. Shamba ni shamba, nikajiambia: tope, mashimo na mzigo. Kuna nini cha kwenda kulalia mkeka siku tatu? Siku zile tatu nilizimaliza Cibitoke, nikitoka gereji hii na kuingia ile. Siku ya tatu, kabla ya kubisha mlango wa Bibi, nilipita kwenye mfereji makusudi nikachafua viatu.

"Mzee Bukuru hajambo?" akauliza. "Magoti yake je?"

"Yanamsumbua kidogo, Bibi." Nilibahatisha tu. Wazee wote magoti huwasumbua.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya mradi wa wageni waliofunga ofisi na kwenda kwao. Ilikuwa na kabini mbili, magurudumu yote manne yanavuta, taa nne juu ya paa, na bomba la kupumulia limepanda kando ya kioo ili upite hata mtoni. Fundi Haruna, mwenye gereji, aliizunguka mara moja huku akifuta mikono.

"Gari nzuri. Nzuri mpaka mi naiogopa."

"Unaogopa nini, Fundi?"

"Uzuri wake. Lakini we ndiye mujuzi," akasema, akaenda kunywa chai yake. Mimi nikadhani nimesifiwa.

Nilipokuwa naipeleka kwa Bibi nilipitia Kigobe, mtaa wa wakubwa. Mlinzi wa geti moja, sijui alidhani nimebeba nani, akasimama wima akanipigia saluti. Mimi, wa darasa la sita! Nikazunguka nikapita tena, na sikuwa nimepotea njia.

Bibi aliitazama akiwa barazani. "Kubwa," akasema.

"Ya kazi, Bibi."

"Mzee Bukuru ameikubali?"

"Ameikubali."

Akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akasema bismillahi, akanirudishia funguo. Ule mkono wake juu ya boneti naukumbuka kuliko maneno yake.

Kesho yake nilijiunga na msafara wa asubuhi. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari mmoja aliizunguka pikapu taratibu. "Ya nani hii?"

"Ya shamba, shefu."

"Shamba gani hilo linalimwa kwa taa nne?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikapita.

Nilifika shambani kama saa nne. Sikumkuta mtu. Sufuria ya maharage ilikuwa jikoni inafurika, povu linazima moto. Jembe limebaki limesimama kwenye udongo. Ndala moja ya mtoto ilikuwa katikati ya njia. Mikungu ya chikichi, mingine bado inatoa utomvu, imetupwa ovyo. Nikadhani wamekwenda kunywa maji. Nikapiga honi kuwasalimu. Nikapiga tena.

Ndipo nikamwona mzee mmoja amekaa juu ya lundo la mikungu. Ameweka mikono magotini, viganja vinatazama juu, ili anayekuja aone kwamba havina kitu.

"Amahoro, Mzee. Natoka kwa Bibi Salma."

Hakunitazama mimi. Alitazama gari. "Zima."

Nikazima.

"We peke yako?"

"Peke yangu."

"Kumbe tumemkimbia mutu moja." Mabega yake yalitikisika, na sikuweza kujua kama anacheka.

"Lakini kwa nini wamekimbia?"

"Mwaka ule zilikuja gari za namna hii. Asubuhi kama hii. Zilikuwa tatu." Akainua kidevu kuelekea pikapu. "Sasa hatungojei kuona nani iko ndani. Sauti inatosha."

"Na wewe, Mzee, hukukimbia?"

"Magoti," akasema.

Mwanangu, nimewahi kupigwa ngumi Kigoma, na nimewahi kuanguka kutoka juu ya lori. Hakuna kilichoniuma kama neno lile moja.

"Bibi alituma neno," Mzee Bukuru akaendelea, kwa sauti ileile. "Akasema kijana atakuja kulala siku tatu. Tukakutandikia mkeka. Mama wa nyumbani akapika chakula cha mutu moja zaidi, siku zote tatu. Tulikula baridi, tunakungoja."

Halafu akainuka kwa shida, akachukua fito lake refu la kukatia mikungu, akaenda hadi kwenye mfereji wa kwanza. Shamba lote lilikatwa na mifereji, na juu ya kila mfereji, badala ya madaraja ya zamani yaliyovunjwa na vita, paliwekwa magogo mawili ya mchikichi kuwa daraja. Akalaza fito juu ya magogo, akashika kwa kidole mwisho wa upana wa daraja. Akarudi akalilaza mbele ya gari. Gari lilizidi kwa shibiri nzima.

"Hata shofa anayeiendesha awe malaika," akasema, "hii haipiti."

Kufika alasiri, wengi walikuwa wamerudi mmoja mmoja kutoka kwenye matete, bila kunisalimu. Familia nne hazikurudi. Zilikwenda moja kwa moja hadi kambini. Na Generoza, mke wa marehemu mtoto wa Mzee Bukuru, aliyekimbia na mtoto mchanga mgongoni, hakuonekana. Mtu mmoja alisema amemwona akivuka mto. Mikungu ya siku ile haikuwa na wa kuibeba. Ikaoza yote.

Nilirudi mjini nikamwambia Bibi kila kitu. Hakupaza sauti.

"Siku zile tatu ulilala wapi?"

"Cibitoke, Bibi."

"Na tope la viatu?"

"La mfereji, hapo nje."

Akavitazama viatu vyangu. Nadhani kicheko kilimfika shingoni akakimeza. Akanyoosha kiganja. "Funguo." Nikaziweka. "Sasa nenda ukalale. Mkeka bado uko."

Nililala siku kumi na moja. Nilibeba mikungu kichwani pamoja nao, na miiba yake ilinitoboa shingo. Nilipima madaraja yote. Nikajua udongo wa bondeni unameza gurudumu zito hata lisipobeba kitu. Nikajua mazutu, yaani dizeli, ilivyokuwa adimu, inauzwa kwa chupa kando ya njia, na kwamba fundi pekee wa karibu alikuwa mwenye mashine ya mpunga, aliyejua injini ya pistoni moja na hakutaka kujua nyingine. Jioni Mzee Bukuru alikuwa anatazama upande wa mto. Kila chakula, mkewe aliweka pembeni sahani ya Generoza, kama walivyoweka yangu.

Kilichonishangaza zaidi ni mazungumzo ya wakati wa kupumzika. Watu wale walizijua injini kuliko mimi. Hawakujua hata moja imetengenezwaje, lakini walijua ipi inakuja na nini. Siku moja nikauliza ni sauti gani isiyowashtua.

"Ile trekta ndogo ya mpunga," akasema mama mmoja. "Ile ya kushika kwa mikono, tuku-tuku-tuku."

"Ile hakuna aliyekuja nayo kwa ubaya," akadakia mwingine. "Atafika saa ngapi? Tutakuwa tumepika, tumekula, tumeosha vyombo, tumehama!"

Walicheka wote. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakicheka mbele yangu. Nami nikakaa nikiwaza. Mashine ya magurudumu mawili, ile ambayo Tanzania huiita pawatila. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea. Upana wake unaingia kwenye magogo. Chupa chache za mazutu zinaipeleka siku nzima. Na hakuna mwenye bunduki atakayeitamani, maana huwezi kukimbia nayo.

Mzee Bukuru alipoisikia hoja yangu aliuliza jambo moja tu. "Safari hii umelala?"

"Nimelala, Mzee."

"Basi nenda."

Kwa idhini ya Bibi, Fundi Haruna aliichukua pikapu kuiuza, akatutafutia mashine ile na tela lake, kuukuu, rangi imebabuka. "Sasa umechagua gari mbaya," akasema. "Hongera." Ilisafiri juu ya lori la msafara. Kwenye bariyeri, askari yuleyule aliichungulia. "Hii mnaikokota au inawakokota?" Safari hii hakuuliza ni ya nani.

Tuliishusha kwenye mashine ya kukamua, pale barabarani. Mzee Bukuru akapanda kwenye tela kwa ajili ya magoti yake. Nikazungusha hendeli, ikakohoa, ikashika. Tukaingia shambani tuku-tuku-tuku, na tulipokaribia mfereji wa kwanza nikasikia majembe. Hayakusimama. Hakuna aliyeinua kichwa. Mwanangu, sijawahi kufurahi kama siku ile ambayo watu wote walinipuuza.

Tulipovuka daraja la pili nilihisi tela limeongezeka uzito. Nikageuka. Mwanamke alikuwa anatembea kando yetu, mtoto mgongoni. Alikuwa ameshaweka mzigo wake kwenye tela, mkeka, sufuria na jembe, bila kuomba.

"Generoza," Mzee Bukuru akasema.

"Ego, Data," akaitika kwa Kirundi, ndiyo, baba. "Nilikuwa ng'ambo ya mto. Nimesikia mashine ya mpunga, nikasema kumbe wamerudiwa na akili." Akanitazama kuanzia miguuni. "Huyu ndiye wa honi?"

"Ndiye."

"Mm," akasema, akaendelea kutembea.

Nikageuka nikamwona Mzee Bukuru ameushika mpini wa lile jembe, na hakuuachia njia nzima.

Pikapu nyeupe niliiona tena mara moja, miezi kadhaa baadaye, mjini. Taa zake nne zilikuwa palepale. Nyuma walikuwa wamekaa watu wenye silaha, na sikuweza kujua ni wa upande gani. Watu waliokuwa njiani waliingia madukani. Nami nikaingia.

Sasa wewe umekuja kuniuliza ununue gari gani kwa ajili ya kazi ya shamba lako, na umeniletea picha kwenye simu, na kweli magari yale ni mazuri. Nitakujibu nilivyojibiwa mimi. Nenda ukalale kule kwanza. Usilale hoteli ya karibu, lala kwenye mkeka wao. Pima daraja jembamba kuliko yote, maana ndilo litakalokuamulia. Muulize fundi wa pale anajua kutengeneza nini, na usimchagulie ugonjwa asioujua. Saluti ya mlinzi wa geti haibebi mkungu hata mmoja. Na kabla ya yote, waulize watakaofanya kazi na chombo hicho, kisha unyamaze uwasikilize hata wakikucheka. Ukijikuta unapaka viatu vyako tope ili uonekane umekwenda, rudi ulikotoka uanze upya. Hapo umeshakosea, hata kama bado hujanunua kitu.

Mungu akupe macho ya kuona njia kabla ya gari, na akupe watu watakaokuambia ukweli wakiwa wamekaa, bila kukukimbia. Na chombo utakachochagua, mwanangu, kiwe ambacho watu wakikisikia kinakuja hawaachi majembe yao, na aliyekuwa mbali akisikie arudi nyumbani.