Bega la Mtani

Mimi Evarista ni muuguzi wa chumba cha plasta hapa Dodoma tangu enzi za ruksa, mitumba ilipoanza kumwagika sokoni. Mabingwa wa mifupa nimewaona wakianza hawajui hata kulowesha bandeji. Ila Elieth, jamani, huyo nilimpenda.

Alikuwa Mhehe wa Iringa, mfupi, mwembamba, anasomea ubingwa wa mifupa. Mkufunzi wake, Daktari Tumsifu, alikuwa pande la mtu, na mdomo wake hauna breki. "Mifupa inataka misuli," akamwambia asubuhi moja mbele yetu sote. "Bega hili ulirudishe mwenyewe. Likikushinda, nakuandikia uhamie magonjwa ya watoto." Nilikasirika mpaka nikaangusha beseni. Makusudi.

Mwenye bega alikuwa Sila, Mgogo mfugaji wa Mpwapwa, aliyetupwa chini na dume la ng'ombe. Sindano ya maumivu tulishampa, lakini alijikaza kama anashindana kuvuta kamba. Elieth akaushika mkono, akauvuta taratibu. Wapi! Akapumzika, akashika tena. Wapi! Tumsifu akaanza kuvaa glavu, nami roho ikaniuma: basi, mtoto wa watu anafukuzwa.

Elieth akamwinamia mgonjwa bila kuuachia mkono, akamsalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, mtani! Mimi Mhehe. Nikimaliza hapa nakwenda kumchukua huyo dume."

Sila akafumbua jicho moja. "Mhehe? Ninyi ng'ombe wa nini? Kwani mbwa wa Iringa mmeshawala mkawamaliza?"

"Tumewamaliza. Amebaki wako."

Weee! Yule bwana alicheka mpaka kitanda kikatikisika, na alipocheka msuli ukalegea. Elieth hakungoja, akauzungusha mkono kwa nje, polepole. Tuk! Bega likaingia. Sila bado anacheka, hana habari. "Mbona huvuti?" akauliza.

Nilipiga vigelegele humo humo. Tumsifu akavua glavu zake. "Watoto watatafutiwa daktari mwingine," akasema, akatoka.

Wiki iliyofuata akaletwa Mnyamwezi, bega vilevile. Elieth alikuwa anapasua mgonjwa mwingine. Tumsifu akavuta, akavuta, na misuli yake yote ile. Mwisho akatoa kichwa mlangoni, akaiuliza foleni nzima: "Jamani, hapa hakuna mtani wa Mnyamwezi?"

Sila, aliyekuja kuangaliwa bega, akainuka, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa shingoni.

"Nipo, daktari! Yuko wapi huyo mtumwa wangu?"