Povu Jekundu Usoni mwa Hani

Mtaani Bulla Iftin, Shamis alijulikana kwa kazi moja: kupamba maharusi. Kazi hiyo haihitaji cheti, inahitaji moyo mgumu na masikio ya kupuuza mashangazi. Hupaka uso huruud, yaani manjano yaliyokorogwa kwa maji, kisha huosha kwa qasil, unga wa majani ya mkunazi. Ngozi hubaki ikimeremeta.

Sasa mwaka ule wa mvua za El Niño, lori la qasil kutoka Liboi likazama kwenye matope, na harusi ya Hani haikungoja barabara. Shamis aliona haya kusema ameishiwa. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akaanza kumwosha binti wa watu ile huruud kimyakimya.

Povu likawa jekundu. Mashavu, shingo, hadi vidole vya Shamis mwenyewe, kote kukawa kwekundu kama nyama mbichi. Alisugua zaidi, na wekundu ukazidi. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Zeinab, dada ya bwana harusi, aliyekuja mahususi kumkagua wifi yake, akasimama.

"Huyu msichana iko na ugonjwa ya ngozi. Naenda kuambia watu yetu."

"Ngoja, abaayo, dada yangu. Wallahi, dakika moja tu."

"Ningoje nini? Macho yangu haioni?"

Shamis alitazama uso wa Hani, roho mkononi. Paji la uso, ambalo sabuni haikulifikia, lilikuwa bado la njano. Akamdaka Zeinab mkono. Wanawake wote wa harusini walikuwa wamejipaka huruud, naye Zeinab pia. Akausugua mkono huo kwa sabuni ile ile. Ukawa mwekundu.

"Na wewe iko na ugonjwa, abaayo?"

Shamis alinyakua ndimu kwenye sinia ya sambusa, maana ndimu ndiyo humtolea madoa ya nguo siku zote, akaikamua juu ya mkono huo. Wekundu ukakimbia, njano ikarudi. Hakujua kwa nini, na hakuwa na muda wa kuuliza.

Zeinab aliugeuzageuza mkono wake, kisha akaketi.

"Maliza kazi yako," alisema.

Shamis alimgeukia Hani na kipande cha ndimu, na ndipo alipomwona akilia bila sauti. Bibi harusi mwenyewe alikuwa ameshaamini kwamba ni mgonjwa.