Mikono ya Kijani ya Tallis Fork

Odell Pruitt aliupaka rangi uwanja wa Chuo cha Tallis Fork, hapa kwetu Alabama, tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zikawa kama pamba. Mistari ya uwanjani ilikuwa yake, milingoti yake, na ukuta wa lango la kusini, jamani, huo aliuenzi kuliko nyumba yake. Mkewe, Bi Earlene, alikuwa akilalamika kanisani: "Mlango wangu wa jikoni unabambuka tangu Pasaka, lakini ukuta wa chuo unang'aa kama meno ya bandia!"

Mpira wetu ni ule wa kofia ngumu, wa kukumbatia mpira na kugongana kama kondoo dume. Miaka mingi timu yetu ilikuwa ya kufungwa tu. Watu walikula kuku wa kukaanga nyuma ya magari yao nje ya uwanja, mchezo ukianza wanarudi nyumbani. Ndipo akaja Kocha Lasseter, mtu wa sauti ya radi, tukaanza kushinda. Tukashinda mpaka tukatwaa ubingwa wa kanda! Odell akauandika mwaka ule ukutani kwa tarakimu zilizomzidi kimo. Chini yake, kama ilivyo desturi yetu, vijana wa mwaka wa mwisho wakachovya viganja katika kopo la rangi ya kijani, wakavibandika mmoja mmoja. Odell alimshika kila kijana kifundo cha mkono.

"Bonyeza, mwanangu. Hapa utadumu kuliko mimi."

Mwaka haukwisha. Ikafichuka kwamba Kocha aliwatafutia wachezaji watatu watu wa kuwafanyia mitihani. Akafukuzwa, na chama kinachosimamia michezo ya vyuo kikaamuru kwamba ushindi wote wa msimu ule uhesabiwe haukuwepo. Umeshangilia mpaka sauti imekukauka, halafu unaambiwa hapakuwa na kitu.

Bwana Whitcomb, msimamizi wa michezo, akamwagiza Odell aufute ukuta. Mjini nako watu wakamdaka kwa kinyozi.

"Paka nyepesi, Kaka Odell! Jua la Agosti litaibabua rangi, liturudishie mwaka wetu."

"Nyepesi sijui kupaka. Tulidanganya, tumeshikwa. Mwaka nitaufuta."

Akaufuta kwelikweli, akarudia mara ya pili. Lakini alipofika kwenye viganja, aliweka chini brashi kubwa, akachukua ndogo, akaanza kuvizunguka kidole kwa kidole.

"Odell, vyote," Whitcomb akasema.

"Mmesema ushindi haukuwepo, bwana. Vijana je, nao hawakuwepo?"

"Watatu walidanganya."

"Basi hao waje wafute vya kwao. Mimi mkono wa mtu aliyecheza kihalali siufuti."

"Unataka kupoteza kazi uzeeni?"

"Sitaki. Brashi hii hapa, futa wewe."

Whitcomb hakuipokea. Habari zikaenea, na kesho yake akaja Dezmond Tarver, mmoja wa wale watatu, jitu la kujaza mlango. Tulikuwa tumesimama pale, hakuna aliyemzomea. Akaomba brashi, akakipaka kiganja chake cha ukutani rangi nyeupe mpaka hakikuonekana. Machozi yalimtoka waziwazi. Baada yake wakaja wenzake wawili, wakafuta vya kwao. Whitcomb, aliyekuwa akitazama kutoka langoni, akavaa kofia yake, akaondoka. Viganja vilivyobaki hakuvitaja tena, wala kazi ya Odell haikuguswa.

"Umekula?" Odell akamuuliza Dezmond.

"Bado, mzee."

"Twende. Earlene amepika maharage na mkate wa mahindi. Atakusema kidogo, lakini atakushibisha."

Alimsema sana, na alimshibisha. Dezmond akarudi darasani. Hisabati ilimwangusha, akairudia, ikamwangusha tena, akaing'ang'ania kama mpira. Siku aliyohitimu, Odell, aliyekwisha kustaafu, alikuwa akimsubiri ukutani kwa suti ya kanisani, mkononi fimbo na kopo la kijani.

"Mzee, mimi si bingwa," Dezmond akasema.

"Nani kakuuliza ubingwa? Mtihani ulifanya mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi bonyeza, mwanangu."

Nendeni mkaone. Mwaka haupo, viganja vipo, na kimoja kikubwa kimekaa upande kidogo, kwa sababu siku ile Odell alimshika kwa mkono mmoja tu, wa pili ukiegemea fimbo.