Herufi Nane za Marehemu

Mume wangu alipofariki, jina lake liliondoka naye. Katika ukoo wake hapa Garsen, ukishazikwa jina lako halitajwi tena; unaitwa marehemu, basi. Nami sikulitaja, isipokuwa mbele ya kompyuta yake.

Ni ya zamani, nzito kama gunia la mpunga, haina picha wala kipanya. Kioo cheusi, maandishi meupe. Unaiandikia amri, inatii. Humo aliandika mambo ya shamba lao la kando ya mto: aina za mpunga, dalili za mafuriko, nyimbo za mama yake za kufukuza ndege. Kila faili aliliita kwa jina lake yeye mwenyewe, herufi sita, na namba mbili mwishoni. Mashine hiyo haipokei jina linalozidi herufi nane, namba zikiwemo. Kwa hiyo kila nilipotaka kusoma, ilinibidi niliandike jina lake lote. Nilisoma kila siku.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaniona.

"Shemeji, unamwita mtu aliyelala."

"Simwiti. Nafungua faili."

"Basi badilisha majina. Yote yaite marehemu. Ni herufi nane, nimehesabu."

"Kumbe shuleni ulikuwa unasikiliza."

Hakucheka. Alivuta kiti, akasema haondoki mpaka nibadilishe.

Nikaandika amri niliyofundishwa na mume wangu: ren, yaani badilisha jina, halafu nyota ya kushika mafaili yote, halafu marehemu. Nikabonyeza. Faili la kwanza likageuka. Mengine yakabaki vilevile, na mashine ikaandika maneno yake.

"Inasemaje?"

"Inasema marehemu tayari yupo. Haitaki wawili."

"Weka namba."

"Nitaiweka wapi? Nane zimejaa."

"Kata herufi."

"Nimkate marehemu, shemeji?"

Akatazama pembeni.

Faili lililogeuka lilikuwa la nyimbo za ndege. Nililitazama bila jina lake, likawa la mtu yeyote. Marehemu wamejaa makaburini kuanzia hapa mpaka Ngao. Mimi niliolewa na mmoja.

Nikaandika ren tena, kulirudisha. Safari hii nilitaja kila herufi kwa sauti. Kwenye ya tatu shemeji aliinuka. Kwenye ya sita alikuwa mlangoni, nami nikalitamka jina zima, kama ninavyomwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Kisha nikafungua faili, nikasoma.