Mto Uliopanda Shingoni

Kumbukumbu za kazi huandikwa na wastaafu. Mimi nina miaka mitatu tu kazini, lakini naogopa kusahau.

Siku ya kwanza nilifika kwenye karakana ya ufumaji, Chumbageni, saa nzima kabla haijafunguliwa, shahada yangu ikiwa ndani ya bahasha. Fundi Mkuu, mama mtu mzima, hakuifungua.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Muheza. Sisi Wabondei."

"Basi nifumie kwenu. Joho la bibi yako. Likinipendeza unabaki, lisiponipendeza unarudi na bahasha yako."

Niliwaza wiki nzima. Nikatandika mtande, yaani nyuzi za urefu, kisha nikachagua rangi za mshindio, uzi unaokatiza: kahawia ya mto, rangi ya machungwa, kijani cha vilima, buluu ya mbingu. Kila mstari niliuhesabu mara tatu. Kitambaa kilichofumwa kilijiviringa kwenye gogo la kitanda cha kufumia, nami sikukiona tena. Kutoka pindo la mbele nilipanda mpaka mbinguni, begani. Kisha, kwa mgongo, katika kitambaa hichohicho, nikaanza tena mtoni.

Siku nne kabla bibi hajaja kulijaribu joho, Fundi Mkuu alikikunjua, akakikunja pale shingo itakapopita. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, huku nyuma mto umepanda shingoni! Bibi yako atalowa!"

Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Ni... ubunifu wa kisasa, Fundi."

"Haya, mweleze yeye hivyo."

Nilifumua mgongo wote, uzi kwa uzi. Nikafuma upya, safari hii nikiteremka: mbingu begani, vilima, michungwa, mto pindoni.

Bibi alikuja kutoka Makorora, anakoishi siku hizi. Akalivaa, akageuka mbele ya kioo, akainama kuushika mstari wa kahawia.

"Hapa ndipo nilipokuwa nachota maji," alisema. "Na michungwa ya baba hii hapa juu. Nani kakwambia?"

"Wewe, bibi. Nilipokuwa mdogo."

Hakulivua. Alituaga, akashika njia ya Makorora kwa miguu na joho mwilini, juani, akisimamishwa na kila jirani.

"Fundi, nyuzi za pindo hatujazikata!" Nilitaka kumkimbilia.

Fundi Mkuu, ambaye hajawahi kutoa kazi yenye uzi unaoning'inia, akanishika mkono.

"Mwache aende. Wewe kesho saa moja uwe hapa. Kuna mtande unakungoja."