Vitabu vya Kuazima

Siku yangu ya kwanza ya ukaguzi wa vyuo nilikuja na maneno mengi. Nilikuwa nimefundisha sayansi ya siasa miaka mingi, nikazoea kusikilizwa. Kiongozi wa jopo, mama mmoja mkali, alinikata kauli: "Profesa, hapa hakuna mhadhara. Fungua kabati, hesabu viti, nyamaza."

Hiyo ni miaka ya tisini, vyuo vikichipuka kama uyoga. Chuo kilijiandikia kwanza ripoti ya kujitathmini, yaani kikiri chenyewe upungufu wake. Sikuwahi kuona kilichokiri! Kisha sisi tulilinganisha karatasi na hali halisi. Kikifaulu, kilipewa ithibati, kibali cha kufundisha. Sheria moja ilinitesa: ulichokiona humwambii mtu mpaka barua rasmi itoke. Basi nilikula peke yangu, nikasafiri peke yangu, na marafiki wakapungua.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikapangiwa Machakos, kwetu, kukagua chuo kidogo cha rafiki yangu Mutiso. Tulilala chumba kimoja tukiwa wanafunzi, na ndiye aliyenisimamia harusi. Nilipaswa kusema namjua, nijiondoe. Sikusema. Nilikuwa mpweke, nilitaka kumwona.

Maktaba yake ilijaa pomoni. Nikafungua kitabu: muhuri wa shule moja ya Kangundo. Cha pili, vivyo hivyo. Vilikuwa vimeazimwa kwa ajili yetu.

"Vyetu vitakuja, ndugu yangu," Mutiso akaninong'oneza. "Niko na watoto wa watu hapa. Andika tu tuko na maktaba."

Nikanyamaza, kama sheria ilivyotaka. Akadhani nimekubali, akanishika mkono kwa furaha.

Niliandika ukweli. Chuo kikanyimwa ithibati, wanafunzi wakatawanyika. Ripoti ile siijutii. Mzazi hauzi ng'ombe ili mwanawe asomee kwenye maktaba ya kuazima. Kinachonila ni zile wiki za kungoja barua, Mutiso akiwatuliza walimu wake: "Msijali, Profesa ni wetu." Niliyasikia baadaye. Ningeweza kwenda kwake nikamwambia mwenyewe, sheria ikasirike. Sikwenda.

Nimestaafu hapa hapa Machakos. Vijana mkiniuliza, nawaambia kazi ilikuwa ya heshima, na ndivyo ilivyokuwa. Majuzi nilikutana na Mutiso nje ya posta, nikamsalimu kwa jina. Jamaa aliyeandamana naye akamuuliza mimi ni nani.

"Ni mkaguzi fulani tu," Mutiso akasema. "Alipitia kwetu kitambo."

Wakaenda zao.